Majani kwa Viwavi wa Ah Ling

Wanangu, mmoja wenu alinipigia simu juzi akinong'ona kutoka chooni. Ana mwezi wa tatu katika maabara ya chuo kikuu hapa Guangzhou, anasoma biolojia, na mpaka leo profesa hajamruhusu kugusa mashine hata moja. Kazi yake kuosha chupa. "Bi. Rukia," akaniambia, "mimi nimekuja kusoma sayansi au kuwa dobi wa vioo?" Nilicheka mpaka akakasirika, akakata simu. Sikumcheka yeye. Nilijisikia mwenyewe, sauti ileile, malalamiko yaleyale, ila enzi zangu hapakuwa na simu ya kunong'onea.

Basi nimekaa kuandika, maana nimestaafu na muda ninao. Huku fundi wa maabara mwanamke hustaafu mapema, na ndugu zangu Unguja wananitania kwamba mstaafu gani bado ana meno yote. Waache wacheke. Nimeinamia nyungo za viwavi tangu nikiwa msichana, na mgongo unaujua umri wake.

Maabara yetu ilikuwa ya viwavi wa hariri. Nyie wa sasa mkisikia maabara mnafikiria skrini na mashine zinazopiga milio. Yetu ilikuwa na darubini mbili, jokofu moja lililokohoa likiwaka, na chumba kirefu chenye rafu za mianzi. Juu ya kila rafu zilikaa nyungo za duara, na katika kila ungo viwavi mia kadhaa wakila majani ya mforsadi. Mforsadi mnaujua, ule wa matunda meusi yanayotia doa sare ya skuli. Kiwavi wa hariri hataki kitu kingine. Mpe mchicha, atakufa njaa akiutazama.

Siku ya kwanza nilikwenda na koti jeupe nililolinunua mwenyewe Barabara ya Zhanqian. Kule huuza kwa jumla, na muuzaji alikataa kata kata kuniuzia moja, mei you, mei you, yaani hakuna, mpaka nikamdanganya kwamba nachukua sampo nikaionyeshe kwa wateja wangu Afrika. Nikaingia maabara nimenyooka kama daktari. Mkuu wetu, Profesa Chen, mzee mwembamba aliyekunywa chai kwenye chupa ya jamu, hakulitazama koti.

"Nionyeshe kucha," akasema.

Nikanyoosha mikono. Akazitazama kucha zangu zote, mpaka za vidole gumba.

"Ah Ling, mpe kitambaa."

Ah Ling alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, binti wa wakulima kutoka milimani kaskazini mwa jimbo, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na maneno machache. Nilifundishwa kumwita shijie, yaani dada yako wa masomo. Hiyo ndiyo desturi ya huku: aliyekutangulia maabara ni dada yako au kaka yako, upende usipende, naye ana haki ya kukufokea na wajibu wa kukulisha. Ah Ling alitimiza yote mawili. Siku ile alinipa kitambaa cha pamba na kapu la majani, akanionyesha namna ya kufuta jani moja moja, mbele na nyuma, lisibaki tone la maji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hata hizo siku mbili sikupewa.

Nilifuta majani mpaka nikayaota. Nililalamika kwa kila aliyenisikiliza, na kwa wengine ambao hawakunisikiliza. Hakuna aliyenieleza sababu, mpaka siku nilipochoka nikapitisha kapu zima bila kufuta, majani yakiwa na umande. Kutwa ile hapakutokea kitu. Kesho yake pia kimya. Kisha ungo ule ukaanza kunuka, viwavi wakaharisha, na Ah Ling akanikabidhi koleo na ndoo nisafishe mwenyewe. Hakunifokea hata kidogo. Aliniacha na ile harufu, nayo ilinifundisha vizuri zaidi. Ndiyo maana nawaambia: kosa la maabara halipigi kelele siku linapofanywa. Unayaona matokeo umeshasahau ulifanya nini, na hapo ndipo watu huanza kuwasingizia majini.

Kuhusu harufu, nina kisa kingine, na hiki asingeweza kukifanya ila mtoto wa pwani. Kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Unguja, Bi. Saumu, aliyekuwa jirani wa mama yangu. Alikuwa akija Guangzhou kununua nguo, akipanga chumba mtaa wa Xiaobei kwa miezi miwili mitatu, kisha akirudi na kontena. Aliponisikia niko huku alinitafuta mpaka akanipata, akaniambia, "Mie ndiye mama yako kwa upande huu wa dunia, na kama hutaki shauri yako." Idi ya kwanza nikiwa mbali na nyumbani alinipa kifungu cha udi. Nikafukiza nguo zangu zote, shungi mpaka soksi, kama tunavyofanya kwetu, na baada ya sala nikaenda zamu yangu kwa viwavi, nanukia nyumba nzima.

Sikuwa nimemaliza rafu ya kwanza. Viwavi waliacha kula, wote, wakainua vichwa na kuvitikisa upande huu na upande huu kama wazee wanaokataa posa. Wengine wakatema maji ya kijani. Ah Ling akaingia anavuta pua.

"Nini hicho?"

"Leo sikukuu yetu, shijie. Ni manukato."

"Toka."

"Niende wapi?"

"Toka kwanza, tutajua baadaye!"

Akafungua madirisha yote, akanipeleka bombani nikaoshe nywele kwa sabuni ya kufulia, siku ya Idi. Nililia, sifichi. Viwavi hawakufa, walikula tena kabla ya magharibi, lakini nilihamishiwa kufagia nje kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Kumbe wakulima wa huku wamelijua jambo hilo tangu enzi: nyumba yenye viwavi haikaangwi samaki, haichomwi ubani, na anayevuta sigara hapiti mlangoni. Moshi wa dawa ya mbu ndio mbaya kuliko yote. Huo hauwakatazi kula tu, unawaua, wanajikunja na kudondoka. Nilipoambiwa hayo nilikimbia bweni nikatupa pakiti yangu nzima ya dawa ya mbu, nikaliwa na mbu mpaka baridi ilipoingia. Kazi ina gharama zake.

Na usingizi wao, je? Nani alinifundisha? Hakuna, nilifundishwa na hofu. Kiwavi wa hariri hulala mara nne maishani. Huacha kula, huinua kichwa, hukaa hivyo kutwa nzima bila kutikisika, kisha huvua ngozi na kuamka na njaa mpya. Mimi sikujua. Niliingia asubuhi moja nikakuta rafu nzima imekauka kimya. Nikamgusa mmoja, kimya. Nikampuliza, kimya. Nikamgongea Ah Ling mlango wa bweni nikilia kwamba wamekufa wote. Alikuja na kandambili miguu tofauti, akatazama, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akaniambia jambo ambalo nimewaambia wasaidizi wote niliowafundisha: "Anayelala usimwamshe, na usimlishe. Ukimwekea jani ataamka mmoja, wengine watabaki, na hutawapata pamoja tena." Pamoja ndiyo siri ya chumba kile. Viwavi wa ungo mmoja wale pamoja, walale pamoja, la sivyo utakuwa unalisha wagonjwa kila siku.

Siku hizi mambo ni mepesi. Chakula chao huja kimesagwa kwenye pakiti, kimeganda kama halua ya Unguja, ila usikionje, mimi nimeshakionja kwa niaba yenu. Hakuna kufuta majani. Joto la chumba linatazamwa kwenye simu. Vizuri, sina kinyongo, mgongo wangu ungependa vyote hivyo vingekuja mapema. Lakini nitawapa machache ambayo hayajazeeka. Andika kwa penseli, maana wino hukimbia spiriti. Fagia chini ya rafu kabla hujaambiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kule mvunguni ndiko sisimizi huanzia safari. Uliza swali lilelile mara ya pili, uonekane mjinga, kuliko kukisia uonekane mjanja. Na usile mbele ya viwavi, si kwa sababu ya usafi tu. Ni adabu.

Sasa nifike kwenye kile nilichokusudia.

Katika rafu zote kulikuwa na moja iliyokuwa ya Ah Ling peke yake. Viwavi wake walikuwa wa mbegu ya zamani ya vijiji vya kusini, wadogo, wanaosokota hariri ya rangi ya dhahabu, na wanaostahimili joto ambalo wenzao huliona kifo. Utafiti wake wote ulikuwa juu ya ustahimilivu huo. Mwishoni mwa msimu wa joto lile jokofu lenye kikohozi lilikohoa mara ya mwisho, na mayai ya akiba yakaharibika. Yaliyokwisha kuanguliwa ndiyo yaliyobaki. Vuli ile, kama viwavi wa rafu ile wasingesokota, wakatoka nondo, wakataga, mbegu ingekuwa imekwisha duniani, kwa kadiri tulivyojua, na Ah Ling angerudi kwao milimani bila shahada, baada ya miaka yote ile. Kila mtu maabara alilijua hilo. Tulikuwa tukipita mbele ya rafu yake kwa ncha za vidole.

Walilala mara ya nne, wakaamka salama. Sasa walikuwa katika ulaji wa mwisho. Hapo kiwavi hula kwa pupa ya ajabu, usiku na mchana, muda wa juma moja hivi, na anachokila siku hizo ndicho kinachogeuka hariri. Akikosa, hatasokota. Na katikati ya ulaji ule, asubuhi moja, wapuliza dawa ya mbu wakapita chuoni. Siwalaumu, homa ya mbu ilikuwa imeingia mtaani na watu walikuwa wakilazwa. Lakini moshi mweupe ulipita juu ya bustani yetu ya miforsadi, kutoka mti wa kwanza mpaka wa mwisho.

Nilimkuta Ah Ling amekaa kwenye njia ya bustani, kapu tupu magotini. Hakuwa akilia. Ingekuwa afadhali alie.

"Ghalani kuna majani ya kufika kesho asubuhi," akasema. "Nikipunguza, kesho mchana."

Profesa Chen alikaa kwenye simu, chai yake ikapoa. Alipiga kila alikojua. Wengine walikuwa wamepuliziwa nao, wengine walikuwa na majani ya kuwatosha wao tu. Kila alipokata simu alitutazama na kutikisa kichwa. Mei you. Mei you.

Mimi, wanangu, nilikuwa msaidizi wa chini kabisa, mfuta majani. Sikuwa na wazo la kisayansi hata moja. Nilichokumbuka ni tumbo langu: kwamba mwanzoni mwa mwaka Bi. Saumu alinipa kikapu cha forsadi mbivu, tukala mpaka ndimi zikawa nyeusi, akaniambia amepewa na bosi wa kiwanda kinachomshonea nguo, zimetoka kwao kijijini. Nikamwambia Ah Ling. Alinitazama kana kwamba nimemtajia mganga.

"Kiwanda cha nguo?"

"Shijie, una pengine pa kwenda?"

Akasimama.

Bi. Saumu asubuhi alikuwa hazuiliki. Kukipambazuka tu alikuwa soko la nguo la Shisanhang kutazama mitindo mipya kabla ya wenzake, na jua likipanda alikuwa Kangle, kwenye viwanda vidogo vya ushonaji, akisimamia oda zake mwenyewe. Hakuwa akiamini mtu. Tukampata Kangle, ghorofa ya pili ya nyumba iliyosongamana na wenzake, cherehani zikinguruma, nyuzi zikielea hewani. Walikuwa wakikunja madera. Ah Ling hakuwa ameliona dera maishani. Akalishika moja, akalitandaza, akaniuliza kwa sauti ya chini nguo ile ni ya watu wangapi.

"Shikamoo, Bi.," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Na huyu nani, mbona amepauka kukushinda?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, nikataja jokofu.

"Ngoja, ngoja," akanikata. "Unataka kuniambia wadudu hawa wakikosa majani leo, skuli yake ndiyo imekwisha?"

"Ndiyo, Bi."

"Na mbegu yenyewe?"

"Imekwisha."

Akageuka. "Laoban!" Bosi wa kiwanda, maana laoban ndiye bosi, alikuwa mama wa makamo, tepu ya kupimia shingoni. Yeye na Bi. Saumu walizungumza kwa Kichina cha sokoni, vidole na kikokotoo, na walielewana kuliko ndugu. "Laoban, ile forsadi uliyonipa, miti kwenu ingaliko?"

Nikatafsiri. Bosi akasema iko mingi, imepandwa kandokando ya mabwawa ya samaki ya baba yake, hakuna hata anayeijali siku hizi.

Ah Ling akauliza haraka, "Mnapuliza dawa?"

"Dawa?" Bosi akacheka. "Nipulize dawa juu ya samaki wa baba yangu? Ikidondoka majini si wataelea wote!"

Hapo ndipo nilipomwona Ah Ling akishika ukingo wa meza ya kukatia.

Kiwanda kilikuwa na gari moja dogo la mizigo, na lilikuwa mlangoni, limejazwa marobota ya madera ya Bi. Saumu mpaka juu. Bosi akalionyesha gari, akaonyesha saa ukutani, akasema jambo kwa haraka. Sikulisikia vizuri, cherehani zilikuwa zinalia na mawazo yangu yalikuwa kwenye majani. Bi. Saumu alimtazama Ah Ling, kuanzia nywele mpaka viatu, kama anavyotazama mshono.

"Shusheni," akasema.

Bosi akarudia maneno yake, safari hii akigonga kioo cha saa kwa ukucha.

"Nimekusikia, Laoban. Nguo haiozi. Shusheni."

"Bi., na mzigo wako?" nikauliza.

"Utakwenda. Mzigo una miguu yake. Panda gari, usinisimamie hapa na macho ya paka."

Vijana wa kiwanda wakashusha marobota, wakayapanga ukutani, na sisi tukaondoka na bosi mwenyewe, amemwacha Bi. Saumu asimamie wafanyakazi wake kana kwamba kiwanda ni chake.

Kijiji kilikuwa nje ya jiji, njia ya kusini, mabwawa pande zote, na kwenye kila ukingo miforsadi mifupi iliyochanua kijani. Ah Ling alirukia mti wa kwanza kabla gari halijasimama sawasawa. Alinusa jani, akalikunja, akalitazama chini, akaliweka ulimini. Kisha akaanza kuchuma kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu akichuma vile. Wazazi wa bosi walidhani tumeingiwa na wazimu, baadaye wakaja kusaidia kwa kutuonea huruma.

Tulitaka kuyatia kwenye mifuko mikubwa ya kiwandani iliyokuwa garini. Niliufungua mmoja nikasita. Ulinuka zile tembe nyeupe za kuzuia nondo kwenye nguo, na ikiwa zinazuia nondo, basi watoto wake zitawafanyaje? Nikamuuliza Ah Ling, nikaitupa yote. Baba wa bosi akatuletea makapu ya samaki aliyoyasugua kwa majivu, akakata majani ya mgomba akafunika juu ili jua lisiyakaushe. Niliyaona yale majani ya mgomba yakiwa yamefunika kapu, nikakumbuka kwetu. Kisha tukapakia.

Hatukuwalisha rafu nzima. Hili mlikariri, wanangu, hata mkisahau mengine yote: kitu kigeni huonja wachache kwanza, hata kama una haraka, na hasa kama una haraka. Ah Ling alichagua viwavi kumi, akawaweka kwenye ungo wao peke yao, akawapa majani mapya. Hao kumi angeweza kuwakosa. Majani salama ya ghalani akawagawia wengine kidogokidogo. Kisha tukakaa kwenye vigoda. Profesa Chen akaja akakaa nasi, na chupa yake ya jamu. Unatafuta dalili ya sumu: kichwa kinachotupwa, mwili unaofupika, matapishi. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Mmoja aliinua kichwa, nikainuka kigodani, kumbe alikuwa anatafuta ukingo wa jani ili aanze upya.

Jua lilipokuwa linazama Ah Ling alisema, "Wape."

Tukawapa. Mmewahi kusikia rafu nzima ya viwavi ikila? Inasikika kama manyunyu juu ya makuti. Tulizima taa, maana hatukuihitaji, tukasimama tukisikiliza. Ah Ling akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa na utomvu wa mforsadi, unanata, hakuutoa, nami sikuutoa wangu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile maabara, na nimekaa maabara maisha yangu yote.

Bosi wa Kangle aliendelea kutuletea makapu mpaka ulaji ulipokwisha. Viwavi wakageuka rangi, wakaangaza kama zabibu mbichi, wakapanda kwenye fremu za majani makavu, wakasokota. Vifuko vya dhahabu, rafu nzima. Vya kuvutwa hariri huchemshwa na mdudu wake ndani, lakini hivi hatukuchemsha hata kimoja. Nondo walipotoka nilimleta Bi. Saumu aone alichokiokoa. Alikuja ameoga kwa sabuni ya mche, hana udi, hana hata wanja, akaniambia anajiona kama ametoka uchi. Akainama juu ya nondo weupe wanaopigapiga mabawa bila kuruka.

"Na hawa wanakula nini?"

Ah Ling akamweleza kupitia kwangu: nondo wa hariri hana kinywa cha kulia. Hali kitu. Anaishi kwa kile alicholishwa alipokuwa kiwavi, anataga, anakufa.

Bi. Saumu akatikisa kichwa. "Maskini. Basi ilikuwa lazima washibe."

Walitaga. Mbegu ile ipo mpaka leo, na Ah Ling alipata shahada yake, na sasa ndiye anayekagua kucha za watu.

Juma lile nondo walipotaga nilirudi Kangle kumpelekea bosi salamu za Profesa na chai ya zawadi. Nikakuta marobota ya madera yangali yamepangwa ukutani, palepale yaliposhushwa.

"Haya hayajaondoka?" nikamuuliza.

Alinishangaa. Kontena la Bi. Saumu lilikuwa lifungwe mchana ule ule tuliochukua gari. Ndilo alilokuwa akilisema huku akigonga saa. Sasa marobota yalikuwa yanangoja meli ya baadaye. Nikahesabu kichwani safari ya bahari, nikahesabu Ramadhani. Nilikuwa mtoto wa Unguja, sikuhitaji kuambiwa. Dera hununuliwa kumi la mwisho la mfungo. Madera yake yangefika watu wameshasali Idi, wameshavaa, wameshafua.

Nilikwenda Xiaobei kwa miguu, sikumbuki hata njia niliyopita. Nilimkuta chumbani anachemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la umeme, amekaa chini juu ya mkeka, amejifunga kanga.

"Bi., kwa nini hukuniambia?"

Akajua mara moja ninachosema. Hakujifanya hakujua.

"Ningekwambia, ungepanda gari?"

Nilitaka kusema ndiyo, ili nisionekane mwoga. Lakini kwa Bi. Saumu uongo ulikuwa haupiti.

"Nisingepanda," nikasema.

"Ehe," akasema, akanisukumia kikombe. "Kunywa chai, inapoa."